Safari ya Nkuhungu, na Kitabu Kilicholiwa na Mchwa



Mara nyingi nimesoma katika gazeti letu habari za safari za ndugu zetu, nikafurahi. Leo nami naomba nafasi kidogo niwaeleze safari yangu. Si safari ya ng'ambo, wala si ya hatari. Ni safari ya mwanafunzi wa chuo kurudi kwao wakati wa likizo ya Krismasi. Lakini katika safari hiyo nalijifunza neno moja ambalo sikufundishwa chuoni, nalo lilinigharimu machozi. Nadhani litawafaa wazazi na waalimu, hasa wale wenye vitabu na watoto katika nyumba moja.

Mimi nasoma ualimu huko Morogoro, na kwetu ni Nkuhungu, katika Dodoma. Siku tatu kabla ya Krismasi nalifunga mzigo wangu. Nguo zilikuwa chache, bali vitabu vilikuwa vingi, hata mwenzangu mmoja akanicheka, akisema, "Wewe waenda kwenu kusalimu watu, au kufungua duka la vitabu?" Nikamjibu kwamba nyumbani kwetu mgeni asiye na kitabu huulizwa kama ameibiwa njiani. Na hilo ni kweli. Tangu nilipokuwa mdogo, baba alikuwa na desturi ya kutusomea kitabu kila jioni baada ya chakula na kabla ya sala. Kwa hiyo kila mmoja wetu ana kitabu chake akipendacho kuliko vingine, na huona wivu kisomwapo cha mwenziwe mara mbili mfululizo.

Baba hupenda Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotolewa mwaka 1934, kinachosimulia jinsi watu waliotekwa na kuuzwa walivyookolewa baharini, wakapata makao Freretown, karibu na Mombasa. Ndugu yangu mdogo hupenda Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951, kwa sababu ya Karama, aliyesimama peke yake mbele ya baraza akijitetea kwa maneno tu. Mama hupenda ile Safari ya Msafiri ya John Bunyan, ambayo kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1678. Kila tufikapo mahali mzigo unapomwanguka msafiri, mama huacha kushona. Nami kitabu changu ni cha Mathias Mnyampala juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotolewa mwaka 1954. Hicho ndicho nilichokiweka juu ya mzigo, nipate kukisoma njiani.

Siku hizi njia ya Morogoro na Dodoma ni nyepesi. Reli ya kwanza ilijengwa na Wajerumani tangu mwaka 1905, kuanzia Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Dodoma mwaka 1910, hata mwaka 1914 ikafika Kigoma penye ziwa. Reli mpya ya umeme ilianza kuchukua wasafiri mpaka Dodoma mwaka 2024, na safari ambayo wazee wetu waliifanya kwa kusinzia na kuamka mara nyingi, sasa huisha kwa muda wa kama saa mbili. Karibu na Kilosa treni huingia katika mahandaki yaliyochimbwa milimani. Hapo kuna bonde la mto Mkondoa, ambao mafuriko yake yameiharibu reli ya zamani mara nyingi. Watoto waliokuwa karibu nami walipiga kelele za furaha kila tulipoingia gizani, wakanyamaza kila tulipotoka kwenye mwanga.

Ukiisha kupita milima ile, nchi hubadilika. Majani mabichi hupungua, na udongo huwa mwekundu. Utaona migunga yenye miiba, na mibuyu minene iliyosimama mmoja mmoja kama wazee waliokuja barazani mapema, na mawe makubwa yaliyopandana. Tulipita Gulwe. Si mbali na hapo iko Mpwapwa, ambako wamisionari wa C.M.S. walifika kwanza mwaka 1876, wakakaa kwa kudumu tangu mwaka 1878. Kisha tukakaribia Ihumwa, mahali alipozaliwa Mnyampala mwaka 1917. Naliinua macho kutoka katika kitabu chake nikaitazama nchi yake, nikajiona mtu mwenye elimu kweli kweli. Mwaona, wasomaji, kiburi changu kilikuwa hakijapata mwalimu wake.

Dodoma si mji ule ambao babu zetu waliujua. Mwaka 1973 iliamuliwa uwe makao makuu ya serikali, na mwaka 2018 ukapewa cheo cha jiji. Barabara zimekuwa pana, na majumba yamepanda juu. Nkuhungu ni kata mojawapo ya jiji hilo. Baba husema kwamba alipokuwa mtoto, mtu akisimama mlangoni pa nyumba yetu aliona mashamba ya mtama na vumbi la ng'ombe wakirudi jioni. Sasa utaona nyumba za matofali zimepangwa kwa mistari, na maduka, na vijana wa bodaboda wakingoja abiria chini ya miarobaini. Lakini upepo wa Ugogo ni ule ule, huvuma alasiri na kutia vumbi katika kila kitu. Na mvua ni ile ile, hutazamiwa tangu Desemba, na ikichelewa, watu hawazungumzi neno jingine. Mwaka huo ilikuwa imenyesha mara mbili, na kumbikumbi walikuwa wameruka. Laiti ningalijua maana ya kumbikumbi wale!

Nalipofika nyumbani, Bibi, mama yake baba, alikuwa ameketi juu ya kigoda kivulini. Umri wake umepita miaka 80, na macho yake yameingia ukungu, lakini alinijua kwa hatua zangu kabla sijasema neno.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbukwa."

"Mbukwa, Bibi."

Akaniuliza habari za safari na za masomo kwa Kigogo, nami nikamjibu kwa Kiswahili. Akauliza tena kwa Kigogo, nikajibu tena kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyozoea kuzungumza miaka yote, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu, wala sikuona kwamba kuna kitu kilichopungua. Jioni tukala ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, chakula ambacho nalikiota usiku mwingi chuoni. Baada ya chakula nikafungua mzigo wangu, nikagawa vitabu kama mtu agawaye zawadi za harusi. Watu wote wakafurahi.

Ndipo Bibi akasema, "Umewaletea wote. Sasa mimi nisomee kitabu cha babu yako. Ni siku nyingi sijasikia."

Hapo sina budi kueleza habari za kitabu hicho.

Injili ilipoletwa Ugogo, wale walioileta waliona kwamba neno lisiloingia katika lugha ya nyumbani hukaa mlangoni kama mgeni. Kwa hiyo kazi ya kufasiri ikaanza mapema. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891. Agano Jipya kwa Kigogo likatoka mwaka 1899, na Biblia nzima kwa Kigogo mwaka 1962. Babu aliinunua Biblia hiyo ya Kigogo miaka miwili baadaye, mwaka aliooa, kwa fedha alizopata kwa kuuza mbuzi. Bibi hakwenda shule, lakini alijifunza kusoma Kigogo katika darasa la ubatizo, naye aliisoma Biblia ile mpaka macho yalipokataa. Na katika kurasa tupu za mbele, Babu aliandika kwa mkono wake majina ya ukoo wetu: aliyezaliwa, mwaka aliozaliwa, aliyebatizwa, na aliyefariki. Kila siku ya mwaka mpya alikuwa akitukusanya na kutusomea ukurasa ule, kama karani asomavyo majina ya watu kazini. Sisi watoto tulikuwa tukicheka-cheka nyuma ya mlango. Babu alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyeusoma.

Basi, nalipoambiwa nikilete kitabu kile, moyo wangu ulishtuka, maana nalikumbuka mahali kilipo. Miaka miwili kabla ya hapo, nalipokuwa najitayarisha kwenda chuoni, naliitengeneza upya rafu ya vitabu. Nalitaka vitabu vyangu vya kupendeza vionekane vizuri, kila mgeni ajue kwamba humu mna msomi. Nafasi haikutosha. Nikavitoa vitabu vikuukuu vya Babu, pamoja na Biblia ile iliyofunikwa kwa kitambaa, nikavitia katika boksi la karatasi, nikaliweka katika chumba cha nje penye majembe, chini, juu ya udongo. Nikajiambia, "Nikirudi nitavitafutia mahali." Sikuvitafutia. Wala hakuna aliyeuliza, kwa sababu katika nyumba ile, macho ya Bibi yalipokwisha, hapakuwa na mtu mwingine aliyezoea kusoma Kigogo. Bibi alikuwa akiuliza mara kwa mara, "Kile kitabu kipo?" Nao humjibu, "Kipo, Bibi." Kila mtu alidhani kwamba mwenziwe amekiona.

Nalikwenda chumba cha nje na taa mkononi. Boksi lilionekana zima. Nalipoligusa, likaporomoka kama majivu. Mchwa walikuwa wamejenga njia zao za udongo tangu sakafuni, wakaingia kwa chini, wakala ndani wasiguse ubavu wa nje. Biblia ya Babu ilibaki jalada lake na vipande vya Ufunuo. Kurasa za mbele, zile za majina, zilikuwa udongo mtupu. Nalikaa chini nikachekecha udongo ule kwa vidole, nisipate hata herufi moja.

Nalitamani kusema uongo. Nalifikiri nitamwambia Bibi kwamba kitabu kimeazimwa, kisha nitafute kingine. Macho yake hayaoni, hatajua. Ni aibu kuliandika neno hili, lakini naliandika kwa sababu najua kwamba si mimi peke yangu niliyepata jaribu kama hilo. Baba alinikuta pale. Akautazama udongo, akanitazama, asiseme kitu; akaondoka. Nikaona kwamba ukimya wake ni mzito kuliko fimbo. Basi nikaenda kwa Bibi, nikapiga magoti, nikamweleza yote: rafu, boksi, kiburi changu, na mchwa.

Bibi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na majina?"

Nikasema, "Na majina pia, Bibi."

Akanyamaza tena. Mama alikuwa analia. Halafu Bibi akasema kwa Kigogo, polepole ili nielewe, kwamba yeye anakumbuka habari ya mfalme Yehoyakimu, aliyekichana kitabu cha nabii Yeremia na kukitupa motoni. Na Mungu hakusema kwamba mambo yamekwisha, bali alimwagiza Yeremia achukue gombo jingine, naye Baruku akaandika tena kutoka kinywani mwake. "Mfalme alitumia moto," akasema, "na wewe umetumia mchwa. Lete daftari. Kinywa changu kingalipo." Kisha akaniwekea mkono kichwani, nami nikajua kwamba nimesamehewa, ingawa hasara haijaondoka.

Tukaanza usiku ule ule. Bibi akasema, nami nikaandika. Hapo ndipo aibu yangu ya pili ilipofunuliwa. Alitaja majina, na sababu za majina, na mahali watu walipohamia, yote kwa Kigogo. Na mimi niliyesoma kitabu cha historia ya Wagogo ndani ya treni, sikuweza kuandika sentensi mbili bila kumwuliza mama maana yake. Ndugu yangu mdogo akacheka, akasema kwamba Karama alijua kujitetea kwa maneno, lakini mimi maneno yenyewe sina. Nikacheka nami, kwa maana ilikuwa kweli.

Kwa jioni nne tulifanya kazi hiyo. Baba alikuja akaketi nasi tangu jioni ya pili, na jirani mmoja mzee akaitwa kusaidia. Majina mengi yalipatikana, na mambo ambayo hata kitabuni hayakuwamo. Lakini jioni ya tatu tulifika mwanzo wa ukoo, kwa mama yake Babu, na hapo kazi ikakwama.

Wasomaji wengi wa kwetu wamesikia neno Mtunya. Ni jina ambalo Wagogo waliipa njaa kuu iliyofuata Vita Kuu ya kwanza. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita nchi ya Ugogo mwaka 1916. Ng'ombe na nafaka zikachukuliwa, na wanaume wengi wakatwaliwa kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosekana, na nchi iliyokwisha kunyang'anywa akiba yake haikuwa na cha kujisaidia. Watu walikufa kwa wingi mpaka mwaka 1920, na wengine walitawanyika kwenda nchi za mbali kutafuta chakula. Mama yake Babu alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Mama yao alimchukua yeye na kaka yake mkubwa kidogo, wakatembea siku nyingi, wakafika kwa watu wenye nafaka. Watu wale wakakubali kutoa kikapu cha mtama, lakini mvulana abaki kwao kuwa rehani. Mama yule akamwacha mmoja ili wasife wote watatu. Mvua iliporudi, akauza alichokuwa nacho, akaenda kumkomboa mwanawe. Aliukuta mji umehama, na hakuna aliyejua walikokwenda. Hakumwona tena mpaka kufa kwake.

Mama yake Babu aliihifadhi habari hiyo moyoni, na Babu alipojifunza kuandika, alimwagiza kwamba siku atakapopata kitabu chake mwenyewe, jina la kwanza liwe la kaka yule, asisahauliwe duniani, kwa maana hana kaburi wala watoto. Babu akafanya hivyo. Lilikuwa jina la kwanza katika ukurasa wa kwanza.

"Jina lake nani, Bibi?" nikauliza, kalamu mkononi.

Bibi akafumbua mdomo, akaufumba. Akaanza tena. Akasema majina mawili, akayakataa yote mawili. "Nalisikia kila mwaka mpya," akasema, "miaka zaidi ya hamsini. Liko hapa, na halitoki." Tukamgeukia baba. Baba akainama. Naye alilisikia tangu utotoni, lakini hakulishika. Tukampigia simu shangazi aliyeko Singida, naye hakulijua. Yule jirani mzee hakulijua. Kila mmoja wetu alikuwa amelisikia, wala hakuna aliyelibeba, kwa sababu wote tulijua kwamba limo kitabuni. Na kitabu nalikiweka mimi chini ya majembe.

Nikaacha mstari mtupu. Mpaka leo nikiandika barua hii, mstari ule ungali mtupu.

Siku ya Krismasi tulikwenda kanisani, tukaimba, tukarudi tukala pamoja na majirani. Jioni Bibi akanikumbusha kwamba bado sijamsomea. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ametuazima Biblia yake ya Kigogo. Nami mchana ule nalikuwa nimejificha nyuma ya nyumba pamoja na mama, nikijifunza kuitamka sura ya pili ya Luka. Nikasoma. Nalijikwaa mara nyingi. Bibi alinisahihisha kila nilipokosea, bila kuona ukurasa, maana sura ile anaijua kwa moyo. Wadogo zangu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakataka nao wajaribu. Nalipofika mwisho, Bibi akasema neno moja tu: "Kesho tena." Ndugu zangu, nimepata alama nyingi chuoni, lakini sikumbuki alama iliyonifurahisha kama neno lile.

Usiku ule nalikifungua tena kitabu cha Mnyampala, nikakisoma kwa macho mengine. Mtu huyu alikuwa karani, na baadaye akafanya kazi ya hukumu mahakamani. Alikuwa mshairi mkubwa wa Kiswahili, hata akaziweka Injili na Zaburi katika tenzi. Alizaliwa wakati ule ule wa vita na njaa ambao jamaa yetu alipotea. Naye hakukaa akingoja wazee waje kwake na habari; alizitafuta, akauliza koo na koo, akaziandika kwa Kiswahili ili watu wote wazisome. Alifariki mwaka 1969, lakini kazi yake haikufa naye. Mwaka 1995 kitabu kile kikatoka kwa Kiingereza, kwa kazi ya mwanahistoria Mmarekani, Gregory Maddox. Nikafikiri: kama Mnyampala angalisema, "Nikipata nafasi nitaandika," ni mistari mingapi ingalikuwa mitupu leo? Na mimi, niliyempenda Mnyampala hata kumchukua kwenye treni, nalikuwa na kitabu cha ukoo wangu, nikakitupa ili nimpatie Mnyampala nafasi kwenye rafu.

Basi, enyi wazazi na waalimu, sipendi kuwahubiria, kwa maana mkosaji hafai kupanda mimbari. Lakini niruhusuni niwaambie tuliyoyafanya nyumbani kwetu baada ya hayo, huenda yakawafaa.

Kwanza, vitabu vyote tumeviweka juu, mbali na sakafu, na rafu tumeitenga na ukuta kwa upana wa kiganja, ili njia ya mchwa ikijengwa ionekane. Miguu ya rafu imesimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari. Kila mwisho wa mwezi vitabu hutolewa, hupanguswa vumbi, hutazamwa kimoja kimoja. Kazi hiyo ni ya watoto, nao huipenda, kwa sababu katika kupangusa husoma.

Pili, daftari la ukoo tumeliandika mara tatu. Moja liko nyumbani, la pili liko kwa shangazi Singida, na la tatu ninalo mimi hapa chuoni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tumejifunza kwamba hata daftari lenyewe ni mali, lahitaji daftari jingine.

Tatu, siku ya mwaka mpya tulirudisha desturi ya Babu. Lakini hatukusoma tu. Kila mtoto alipewa majina matano ayashike kwa moyo, ayaseme mbele ya watu wote. Tulikuwa tumekitegemea kitabu mno, kama mtu mwenye pipa la maji asiyekumbuka njia ya kisimani. Karatasi yaweza kuliwa, na mzee aweza kusahau. Lakini jina lililo katika karatasi na katika vinywa vya watoto kumi halipotei kwa urahisi.

Nne, na hili nawaambia hasa waalimu wenzangu, tumwonapo mtoto ajuaye Kiswahili vizuri na Kiingereza kidogo, tusimsifu mno kabla hatujamwuliza kama aweza kumsomea bibi yake. Kiswahili ni lugha yetu sote, nacho kimetuunganisha. Simpendi mtu akidharauye. Lakini mtoto aweza kubeba lugha mbili kama abebavyo ndoo mbili, na pengine hutembea sawasawa zaidi. Jioni moja kwa juma yatosha: bibi au babu kigodani, kitabu mkononi mwa mtoto, na kicheko kidogo anapokosea.

Likizo ilipokwisha, nalirudi Morogoro. Safari hii mzigo wangu ulikuwa mwepesi, maana vitabu naliviacha nyumbani, vikae mahali vinaposomwa na wengi. Nalichukua daftari tu. Asubuhi ya kuondoka nalimwaga Bibi kwa Kigogo, kwa sentensi tatu nilizojifunza usiku, na ya tatu nikaikosea. Akanisahihisha, akaniombea, akasema kwamba ningoje, maana bado analitafuta lile jina. Huenda Mungu akamkumbusha usiku mmoja, naye atamwamsha baba aandike.

Kila ninapopigiwa simu kutoka nyumbani, swali langu la kwanza baada ya salamu ni hilo. Bado halijapatikana. Lakini mama alikumbusha neno jioni ile tulipokwama, nalo limenifariji: kwamba kuna kitabu kingine ambacho mchwa hawakifikii, na Mwenye kukiandika hakumsahau mtoto aliyebaki rehani kwa kikapu cha mtama. Sisi hapa chini tumebakiwa na mstari mtupu, nao wanafundisha nyumba yetu kila tunapofungua daftari.

Basi, msomaji mpenzi, ukiisha kusoma barua hii, tafadhali simama, uende ukaangalie chini ya vitabu vyako. Kisha umwite mzee wa nyumba yako, umwulize jina moja usilolijua, uliandike leo.

Mungu awabariki nyote pamoja na nyumba zenu.

Mimi ndugu yenu,
Mwanafunzi wa Nkuhungu